Karatasi yenye anwani ya tatizo: maneno ya Kiingereza yenye maana nyingi na mwanafunzi Mchina

Mwenzangu wa maabara alikuwa na daftari la safu mbili. Kushoto neno la Kiingereza, kulia neno la Kichina, katikati mstari aliouchora kwa rula. Kila siku saa kumi na mbili asubuhi, kabla bwalo halijajaa, alikuwa kando ya ziwa la chuo pamoja na wanafunzi wengine wengi, kila mmoja akijisomea kwa sauti na kumpigia jirani yake kelele, na yeye akirudia: address, dìzhǐ, address, dìzhǐ, address, dìzhǐ. "Dìzhǐ" ni anwani. Kiingereza alikianza darasa la tatu, kama watoto wengi wa Uchina wa kizazi chake, kwa hiyo neno hilo alikuwa nalo zaidi ya miaka kumi.

Siku moja akaniletea makala ya kitaalamu, kidole kimekaa juu ya sentensi: "This paper addresses the problem of water loss." Pembeni alikuwa ameitafsiri kwa penseli, na tafsiri yake kwa Kiswahili ingesomeka hivi: karatasi hii ina anwani ya tatizo la upotevu wa maji. "Shīxiōng," akaniita, maana hivyo ndivyo wanafunzi wa msimamizi mmoja wanavyomwita mwanamume aliyewatangulia, kaka wa kwa mwalimu mmoja. "Shīxiōng, tatizo nalo lina nyumba?"

Nilicheka, kisha nikaona aibu ya kucheka. Neno geni lingemsimamisha, angefungua kamusi. Hili hakulifungulia kamusi kwa sababu analijua, na kulijua ndiko kulikompoteza. Walimu wa Kiingereza wa Uchina wana jina la balaa hili: "shúcí shēngyì". "Shú" ni kuiva, au kupikwa, au kuzoeleka. "Shēng" ni mbichi, au geni. Neno lililoiva, maana mbichi. Anayejiandaa kwa mtihani wa kuingia shahada ya uzamili atakutana na msemo huo kwenye kila kitabu cha mazoezi, na ukiangalia orodha zinazoandamana nao huoni maneno magumu hata kidogo. Ni "fine", "issue", "charge", "novel", "school", "sentence". Maneno ya watoto.

Kabla ya kulilaumu daftari lake, tuangalie linatoka wapi. Mtihani wa kuingia chuo kikuu, gāokǎo, hufanyika kila mwaka mwezi Juni. Katika mikoa mingi alama zote ni 750, na Kiingereza kina 150, sawa na hisabati na sawa na Kichina chenyewe. Wanafunzi wana orodha inayojulikana kwa idadi yake tu, maneno 3,500, na kwa kijana ambaye nje ya darasa hasikii Kiingereza popote, njia ya kuyaweka kichwani ni kuyakariri. Kukariri maneno kuna kitenzi chake, "bèi dāncí", na "bèi" hilo hilo ndilo mgongo. Vitabu vya maneno vilivyopangwa kwa alfabeti huanza na "abandon", yaani kutelekeza, na utani wa miaka mingi ni kwamba hilo ndilo neno ambalo kila Mchina analijua barabara, kwa sababu kila muhula huanza kitabu upya, akalisoma, akalitii.

Orodha ya namna hiyo haiwezi kuwa na maelezo marefu. Neno, matamshi, tafsiri, twende mbele. Hapo katikati ya safu mbili, pale mwenzangu alipopitisha rula, mna alama isiyoandikwa: sawa na. "Address" ni sawa na "dìzhǐ". Ninavyoona mimi, taabu yote inaanzia kwenye alama hiyo. Maana kuwa nyingi si tatizo la Kiingereza peke yake, na kwa Mchina si jambo geni.

Msomaji wa Kiswahili ana bahati ya kuliona hili bila kufundishwa. Chukua kitenzi chetu "piga", kisha chukua "dǎ" ya Kichina, ambayo nayo asili yake ni kupiga, ya ngumi na fimbo. Mchina hupiga simu, "dǎ diànhuà". Hupiga ngoma, "dǎ gǔ". Daktari humpiga sindano, "dǎ zhēn". Akisinzia hupiga miayo, "dǎ hāqian", na vumbi likimwingia puani hupiga chafya, "dǎ pēntì". Lugha mbili zisizo na undugu wowote, bahari na milima katikati, zimekubaliana kwamba chafya ni kitu cha kupigwa! Halafu zinaachana. Mchina hupiga teksi pale sisi tunapoiita, hupiga maji kisimani pale sisi tunapoyateka, hupiga sweta pale sisi tunapolifuma, na mvua ikinyesha hupiga mwavuli. Sisi nasi tunapiga pasi, picha, kura, mswaki na deki, na yeye anashangaa.

Au chukua "yìsi", neno ambalo kwa kawaida ni maana. Wachina wana kichekesho kirefu juu yake. Mtu anampelekea mkubwa bahasha. Mkubwa anauliza, "Una yìsi gani?" Mtu anajibu, "Ah, ni yìsi kidogo tu." Mazungumzo yanaendelea mpaka mgeni anayesikiliza anachanganyikiwa kabisa, kwa sababu neno lile lile ni maana, ni kusudi, ni shukrani ndogo ya mkononi. Kwetu halihitaji tafsiri. Tuna chai inayonywewa na chai inayopokelewa chini ya meza, na hakuna aliyewahi kuzichanganya.

Kwa hiyo Mchina hafiki kwenye Kiingereza kama mtu ambaye hajawahi kuona neno lenye kazi nyingi. Anafika na tabia nyingine, nayo inatokana na jinsi lugha yake inavyoandikwa. Kichina cha Beijing kina silabi chache na maneno mengi, kwa hiyo sauti moja hubeba mizigo mingi. "Shì", kwa toni ile ile ya kushuka, inaweza kuwa kitenzi cha kuwa, au jambo, au soko, au mtihani, au mtindo. Mwanaisimu Zhao Yuanren alitunga kisa kizima cha mshairi aliyependa kula simba, na kila silabi ya kisa hicho ni "shi" kwa toni hii au ile. Ukisomewa huambulii kitu. Ukikitazama kwenye ukurasa kinafuatika, kwa sababu kila "shi" ina herufi yake: 是, 事, 市, 试, 式. Sikio linachanganya, jicho linatenganisha.

Mtoto aliyelelewa hivyo huona kwamba jicho ndilo mwamuzi wa mwisho. Akisikia hana hakika, huuliza, "Ni shì ipi?", na mwenzake humchorea kwenye kiganja. Sasa mpe "bank". Benki kwa Kichina ni 银行, "yínháng", nyumba ya biashara ya fedha, na fedha yenyewe hapo ni madini ya fedha kabla ya kuwa pesa, sawasawa na neno letu. Ukingo wa mto ni 河岸, "hé'àn". Kwa macho maneno hayo hayafanani hata kwa mstari mmoja. Kiingereza kinamwandikia yote mawili kwa herufi nne zile zile, na hapa hakuna wa kumchorea kwenye kiganja.

Jambo la pili ni kwamba Kichina cha leo kinapenda maneno ya silabi mbili, na silabi ya pili hufanya kazi ya kubana maana. "Run" anayoijua mwanafunzi ni "pǎo", kukimbia. Lakini kuendesha kampuni ni "jīngyíng", mashine kufanya kazi ni "yùnxíng", kugombea uongozi ni "jìngxuǎn", na pua kutiririka kamasi ni "liú". Kiingereza kinasema "run" kote huko. Ile kamusi kubwa ya Oxford, katika toleo lake la pili la mwaka 1989, ililipa neno "set" maana zaidi ya 400. Wahariri waliporudia kazi hiyo, kitenzi "run" kikalipita kwa maana zaidi ya 600. Tusitishike na hesabu hizo, nyingi ni vijimaana ambavyo Mwingereza mwenyewe hajawahi kuvitamka. Zinaonyesha tu tabia ya lugha hiyo: maneno yake mafupi ya kila siku huvutwa kama mpira, wakati Kichina kinaunganisha vipande viwili kupata neno jipya.

Alama ile ya sawa na inaleta makosa ya aina mbili, na watu wengi huzungumzia moja tu.

La kwanza ni la kusoma, nalo tumekwisha kuliona kwenye anwani ya tatizo. Mwanafunzi ana kipande kimoja cha neno, anadhani analo lote. Akiona "a novel method", yaani mbinu mpya, anaona mbinu ya riwaya. Akiona "a school of fish", yaani kundi la samaki, anawaonea huruma kwa kuamshwa mapema.

La pili ni la kuandika na kusema, nalo linakwenda kinyumenyume. Hapo neno la Kichina ndilo pana, na mwanafunzi analivuta neno la Kiingereza mpaka lienee upana huo. "Wèntí" ni swali na pia ni tatizo, kwa hiyo anaandika kwamba maishani mwake amekuwa na "many questions", na msomaji anadhani anaongea na mwanafalsafa. "Kāi" ni kufungua mlango, kuwasha taa, kuendesha gari, kufanya mkutano na ua kuchanua, ndiyo maana Wachina wengi waliwahi kusema "open the light". "Jiè" ni kuazima kwa pande zote mbili, anayetoa na anayepokea, ndipo "can you borrow me your pen" inapozaliwa. Na lililonifurahisha kuliko yote ni "wán". Watoto wakicheza ni "wán", lakini watu wazima wakikutana kula, kutembea na kupiga soga nayo ni "wán". Basi profesa mwenye mvi anakuambia kwa Kiingereza, "Come to my home and play," na wewe unabaki ukijiuliza ubebe mpira au usibebe.

Tusicheke sana. Kwetu "kusikia" ni kwa sikio, lakini pia tunasikia baridi, njaa na harufu, na ndiyo maana shuleni tuliandika "I am hearing cold" tukachapwa kalamu nyekundu. Na "azima" yetu ina pande mbili kama "jiè" yao. "Niazime kalamu", "nimeazima kalamu kwake": kosa la kalamu ya kuazima Mchina na Mswahili wanalifanya pamoja, kwa sababu ile ile.

Kosa hili la pili ni sugu kuliko la kwanza. Mwaka 2002 mtafiti Nan Jiang alichapisha matokeo ya majaribio aliyowafanyia Wachina wanaokimudu Kiingereza. Aliwapa jozi za maneno ya Kiingereza, wakapima maana zake zimekaribiana kiasi gani. Baadhi ya jozi zilikuwa za namna ya "problem" na "question", maneno mawili ya Kiingereza yanayotafsiriwa kwa neno moja la Kichina. Nyingine zilikaribiana maana lakini kila neno na tafsiri yake. Wachina waliziona zile zenye tafsiri moja kuwa zimekaribiana zaidi, na waliziamua kwa haraka zaidi. Wazungumzaji wa Kiingereza tangu utotoni hawakuonyesha tofauti hiyo. Yaani hata mtu anayesoma na kuandika Kiingereza kila siku, chini yake Kichina bado kinafanya kazi, kama msingi wa nyumba ya zamani chini ya nyumba mpya. Jiang anaeleza kwamba neno la lugha ya pili huanza kama umbo tupu, kisha linaazima maana kutoka lugha ya kwanza, na maneno mengi hukwama papo hapo bila kujijengea maana yake yenyewe.

Nilichomfanyia mwenzangu siku ile hakikuwa cha kitaalamu. Nilimwambia asahau anwani, afikirie mshale. "Address" imekuja Kiingereza kwa njia ya Kifaransa kutoka Kilatini, na ndani yake mna kuelekeza, ile ile ya "direct". Barua inaelekezwa mahali fulani: hapo ndipo anwani. Rais anaelekeza maneno kwa wananchi: hotuba. Mtafiti anaelekeza nguvu kwenye tatizo: analishughulikia. Kwa Kichina hayo ni maneno matatu mbalimbali, "dìzhǐ", "yǎnjiǎng" na "chǔlǐ", na ndiyo maana hakuwahi kuona kwamba ni ndugu. Kuna la nne, nikamwambia. "Wewe unaniita shīxiōng. Kiingereza kingesema you address me as shīxiōng. Unaelekeza sauti kwangu, na shīxiōng ndiyo njia inayopita." Akachora mshale mdogo juu ya neno kwenye daftari lake, akafuta "dìzhǐ". Kisha akairudisha, kwa penseli.

Kuna maneno mengi yanayofunguka hivi. "Issue" imetoka kwenye Kilatini cha kutoka nje. Suala ni kitu kilichojitokeza, pasipoti hutolewa, na nakala ya jarida Kiswahili chenyewe huiita toleo, kutoka "toa". Wanasheria wa Kiingereza wanapoandika kwamba marehemu alifariki "without issue" wanasema hakuacha uzao, hakuna aliyetoka kwake. "Charge" imetokana na kupakia mzigo kwenye gari. Simu inapakiwa umeme, mteja anabebeshwa gharama, mshtakiwa anabebeshwa kosa, na aliye "in charge" amebebeshwa dhamana. Hapa Mchina anapata zawadi asiyoitarajia, kwa sababu kuwajibika kwa lugha yake ni "fùzé", na "fù" ni kubeba mgongoni. Ukimwonyesha hilo, uso wake unabadilika. Neno lililokuwa na tafsiri nne za kukariri limekuwa picha moja ya mtu aliyeinama chini ya gunia.

Lakini njia hii ina mipaka, na walimu wanaoipenda sana huivuka. Kuna maneno yanayofanana kwa bahati tu. Kwetu kaa wa baharini, kaa la moto na "kaa kitako" hawana ukoo, na anayetafuta picha moja ya kuwaunganisha atatunga uongo. Mbuzi wa kuchinjwa na mbuzi ya kukunia nazi, hao wana uhusiano. Iangalie tu ilivyosimama kwa miguu yake. Vivyo hivyo "school" ya samaki si ile ya wanafunzi. Ya samaki imetoka Kiholanzi na maana yake ni kundi, ya wanafunzi imetoka mbali, Ugiriki ya kale. Yameandikwa sawa, basi. Hapo mwambie mwanafunzi ukweli: ni maneno mawili, jifunze mawili.

Kati ya pande hizo mbili pana tope. "Fine" ya faini na "fine" ya kitu kizuri zote zimetoka kwenye Kilatini "finis", mwisho: moja ni malipo ya kumaliza shauri, nyingine ni kilichofika kikomo cha ubora. Ni kweli, na haimsaidii mtu yeyote. Anayesimamishwa na trafiki London hana nafasi ya kukumbuka Kilatini. "Bank" nayo: ya pesa imetoka kwenye benchi la wabadili fedha wa Italia, ya mto imetoka lugha za kaskazini, na wanaisimu wakichimba zaidi huzikuta ni binamu wa mbali. Historia ya neno ni ya kutumia pale mwanafunzi anapoiona kwa macho yake ndani ya dakika moja. Ikihitaji mhadhara, iache.

Sasa, ukishajua kwamba neno lina maana tano, utajuaje ni ipi imekujia? Mtu aliyelijibu swali hili vizuri hakuwa mwalimu wa lugha. Ni David Yarowsky, mtu wa kompyuta, aliyetafuta jinsi mashine inavyoweza kutofautisha maana. Mwaka 1993 alionyesha kwamba, kwa maneno ya Kiingereza yenye maana mbili zilizo mbali, ukiangalia neno lililo jirani kabisa unaweza kubashiri maana kwa usahihi wa zaidi ya asilimia 90. Si aya nzima, si mada, ni neno la pembeni. "Bank account" haiwezi kuwa mtoni. "River bank" haikopeshi. "Address" inayofuatwa na "problem", "issue" au "concern" haina sanduku la posta.

Kwa hiyo daftari la safu mbili lina kasoro ya pili: linalitenga neno na jirani zake, ambao ndio mashahidi pekee wa maana yake. Badala ya "charge, shōufèi", andika "charge a fee", "charge the phone", "charge him with theft", "in charge of the lab", na upande wa kulia tafsiri ya kifungu chote. Kazi inaongezeka, sikatai, na mwenye maneno 3,500 na miezi mitatu atakuangalia kwa jicho kali. Lakini vifungu vinne vya namna hiyo hukumbukwa kirahisi kuliko tafsiri nne zilizosimama peke yake, na vinakinga makosa yote mawili kwa mpigo. Ukijifunza "turn on the light" kama kitu kimoja, "open" haipati mlango wa kuingilia. Kamusi nzuri za wanafunzi zimelijua hili zamani. Ile ya COBUILD, iliyotoka Birmingham mwaka 1987 chini ya John Sinclair, ilielezea maneno kwa sentensi kamili, neno likiwa mahali pake na majirani zake.

Vitenzi vyenye vijineno nyuma, "put up with", "take off", "give in", ni somo la peke yake na sitalimaliza hapa. Itoshe kusema kwamba Wachina huvikwepa. Yan Liao na Yoshinori Fukuya walilichunguza hili wakachapisha mwaka 2004, na wakakuta wanafunzi wa kiwango cha kati hupendelea kitenzi kimoja kinachojitegemea. Wale waliosonga mbele walianza kuvizoea. Mimi naona wana msaada ambao hawautumii. Kichina chenyewe hubandika kijineno nyuma ya kitenzi: "kàn" ni kutazama, "kànjiàn" ni kuona, "kàndǒng" ni kutazama ukaelewa, "kànwán" ni kutazama ukamaliza. Mkono uliozoea kubandika huko hauna sababu ya kuogopa kubandika huku.

Na je, maana zote zifundishwe? Hapana. Michael West, aliyekuwa mwalimu Bengal enzi za ukoloni, alitoa mwaka 1953 orodha ya maneno takriban 2,000 ya Kiingereza, na jambo lake la maana halikuwa maneno yenyewe. Alionyesha kila maana ya neno inatokea kwa asilimia ngapi. Mwalimu aliweza kuona kwamba maana hii inastahili wiki nzima na ile inastahili kimya. Vitabu vingi vya "shúcí shēngyì" hufanya kinyume, vinatafuta maana adimu kwa sababu ndizo zinazotisha. Nimeona kimoja kinachomfundisha mwanafunzi kwamba "august" ni adhimu. Ni kweli, lakini anayelikosa neno hilo hajakosa kitu, wakati anayekosa "address" ya kushughulikia anakosa ukurasa wa kwanza wa karibu kila makala ya kisayansi.

Mwenzangu alikuja kupata majibu ya jarida mwaka uliofuata. Tulikuwa wanne tumejipanga nyuma ya kiti chake, mmoja akila mbegu za alizeti na kutema maganda kwenye kikombe. Barua ilisema makala imekubaliwa, "subject to minor revisions". Yule wa mbegu akaisoma kwa sauti, akasema "subject" ni somo, basi wanataka ubadilishe mada. Chumba kikanyamaza. Mwenye makala hakumjibu. Aliweka kidole kwenye skrini, akakipitisha juu ya "subject" bila kusimama, akakisimamisha kwenye neno dogo linalofuata, "to", akasoma tena, kwa sharti la marekebisho madogo, akaanza kutabasamu.